Maua ya Kitulo: Julai au Februari?

Dada, umeuliza kama ukija Kitulo, hifadhi ya taifa huku kusini mwa Tanzania, mwezi wa saba utakuta maua. Mwezi wa saba ni baridi na nyasi kavu. Uwanda uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Subiri mvua. Desemba hadi Aprili ndipo utaelewa kwa nini wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Njoo na koti la mvua na mabuti, halafu uiname kabisa, maana maua mengine ya okidi ni madogo kuliko ukucha na yamejificha nyasini. Ila nakuomba sana, usichimbe okidi hata moja ukapande nyumbani. Viazi vyake vya mizizini vimeshachimbwa mno kwa ajili ya chikanda, chakula cha viazi hivyo vilivyosagwa kinacholiwa Zambia, inauma.