Kuwinda grausi Scotland: kuswaga, kutembea au mbwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini wenyeji wako wa Scotland wanasema kuwinda grausi (ndege wa vilimani anayefanana na kwale) "kwa mbwa" na "kwa kuswagwa" ni vitu viwili tofauti kabisa. Wako sahihi.

Kwenye kuswaga, wewe husogei. Unasimama kwenye kibanda kifupi cha mawe au udongo, na waswagaji wenye bendera wanatembea kwa mstari wakiwasukuma ndege kuja kwako. Grausi wanapita chini chini, wakifuata mikunjo ya kilima, kwa kasi ya kutisha. Hapo usalama ndio kila kitu: usizungushe kamwe mtutu kupita usawa wa kibanda cha jirani, na baragumu ikilia, hakuna tena kupiga mbele kwa sababu waswagaji wamekaribia.

Kuna pia kutembea kwa mstari na kupiga wanaoibuka mbele yenu. Miguu itauma.

Mimi napenda mbwa. Pointa au seta, mbwa wa kutafuta ndege kwa kunusa, anahangaika huku na huko akiukabili upepo, akinusa harufu anaganda kama sanamu. Unamkaribia polepole, moyo unadunda, kundi zima linalipuka kutoka vichakani. Unapata ndege wachache, lakini umemwona mbwa akifanya kazi. Ila nenda mapema: msimu ni 12 Agosti hadi 10 Desemba, na kadiri siku zinavyosonga ndege wanakuwa waoga, wanaruka kabla hujafika.

Muulize pia mwenyeji kuhusu leseni ya kuwinda grausi kwenye eneo lake. Sheria ya Scotland ya 2024 inaidai.