Mombasa na watoto wadogo: usingizi kwanza, Wild Waters baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Thika aliniandikia. Ana pacha wa miaka miwili, mumewe kwao ni Likoni, na wakwe wameshaanza kuuliza watafika lini Desemba hii. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, niende au nisingizie kazi?" Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba aende. Kisha nikaona neno moja halimtoshi, wala haliwatoshi wengine ambao kila shule zikikaribia kufunga huniuliza jambo lile lile.

Sisi tumerudi huko juzijuzi. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, naishi Nairobi kwa ajili ya kazi, na wanangu ni binti wa miaka mitatu na nusu na mdogo wake wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Tulikaa kwa mama, tukaonana na jamaa, tukaenda Wild Waters, bustani ya mabwawa na mitelezo ya maji kule Nyali, tukarudi na watoto wazima, wenye furaha, wanaoulizia nyanya yao hadi leo. Nalisema kwa fahari kwa sababu kuna walionitabiria mengine.

Kilichotubeba ni usingizi wa mchana. Wanangu hulala saa saba hadi saa tisa. Nairobi hulala hivyo, na Mombasa walilala hivyo. Treni, ziara za jamaa, bembea na mabwawa, vyote vilipangwa kuzunguka saa hizo mbili. Ukiniuliza ushauri wangu ni upi, ni huo, na mengine yote hapa chini yametoka humo.

Tuanze na treni. SGR huondoka Nairobi saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Wengi watakwambia upande ya usiku kwa kuwa watoto watalala njia nzima. Ushauri huo unamfaa mtu mzima. Viti vya daraja la kawaida havilazi mgongo, vinatazamana, watatu upande mmoja na wawili upande wa pili wa njia, na magoti yako hugusana na ya mgeni. Halafu treni hiyo inafika Miritini kabla ya alfajiri, na bado una safari ya kuingia mjini ukiwa na mtoto aliyekatizwa usingizi. Mimi huchagua ya asubuhi, inayosimama vituo vya kati. Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei: kila kituo mtoto anapata jambo jipya dirishani, na wewe unapata dakika kadhaa za amani.

Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu mwanzo wa 2024, na ya daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu, na aliye chini ya hapo hupakatwa bure. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Fika Syokimau mapema, saa nzima kabla ya treni au zaidi, kwa sababu ya ukaguzi: mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria mkasimama kando, na mbwa wa polisi akapita akinusa begi moja moja. Binti yangu huogopa mbwa. Tulianza kumsimulia habari za mbwa huyo tukiwa bado nyumbani, kwamba ana kazi yake, kwamba haumi, kwamba anatafuta vitu vibaya tu. Siku yenyewe alisimama ameshika leso yangu, akatazama mpaka mwisho, kisha akampungia mkono. Mama mmoja nyuma yetu aliniuliza nimemlisha nini mtoto huyu. Nilimjibu kwamba jana yake alilala mapema.

Baada ya Mtito Andei reli inakata Tsavo. Tembo wa huko ni wekundu kwa udongo wa kwao, na tuliwaona, wazima na wadogo, karibu kabisa na reli. Mwanangu mdogo akawaita ng'ombe, na behewa zima likacheka naye. Tulipopita Voi nilifunika dirisha kwa leso, nikamlaza mmoja kifuani, babake akampakata mwingine, na walipofumbua macho minazi ya Mariakani ilikuwa imeshaanza. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa mfupi, na nilijua utakuwa mfupi tangu nilipokata tiketi. Kwa hiyo siku ya kufika hatukwenda kwa mtu. Tulioga, tukala wali wa nazi na samaki, tukalala.

Juu ya joto nitasema kidogo, ingawa ndilo linalowatoa watoto wa bara machozi. Harara itatokea, shingoni na mapajani. Mtoto avae pamba nyepesi na aogeshwe mara kwa mara kwa maji matamu. Visima vingi vya Kisauni vina maji ya chumvi, kwa hiyo sisi tulinunua mitungi kwa mwenye mkokoteni na kuiweka kando kwa ajili ya watoto peke yao. Chandarua ni lazima, hata kama feni inazunguka, kwa sababu stima ikipotea usiku feni itasimama na mbu wataingia. Pwani kuna malaria, na mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga nayo. Pitia kliniki kabla ya safari. Mkisharudi, homa yoyote ikitokea, hata baada ya wiki mbili au tatu, mpeleke akapimwe na umwambie daktari kwamba mlikuwa Mombasa.

Sasa jamaa.

Ukirudi kwenu baada ya muda mrefu kila nyumba inakudai. Kuna shangazi wa Majengo, kuna ami wa Tudor, kuna wakwe, kuna jirani aliyekubeba ukiwa mchanga na ambaye hawezi kusikia umepita mlangoni pake bila kuingia. Kuwazungusha watoto kwa tuktuk kutoka nyumba hadi nyumba, kila mahali wanapewa sharubati na kubanwa mashavu, ni kuwachosha mpaka walie mbele ya watu, kisha uambiwe wana tabia mbaya. Mimi na mama tulikubaliana kwa simu kabla hata sijafunga begi: atapika pilau Jumapili, watu wote waje Kisauni baada ya Alasiri. Walikuja. Binti yangu alipokea wageni mlangoni, akabusu mkono wa kila mzee, na mdogo wake akapita mikono kumi bila kulia. Bibi yangu mzaa mama hawezi kutoka nyumbani, kwa hiyo yeye tulimwendea, asubuhi, tukakaa kwa kikombe cha chai na mahamri na tukaondoka kabla ya adhuhuri. Alifurahi kuliko angetuona jioni nzima na watoto waliochoka.

Lakini kuna jamaa mmoja, mkubwa wangu kwa umri, simtaji, ambaye alifika siku ya katikati ya wiki saa nane mchana wanangu wakiwa wamelala. Akataka waamshwe awaone. Nikamwambia kwa adabu, "Tafadhali subiri kidogo, saa tisa wataamka wenyewe, na chai iko tayari." Akanijibu mbele ya mama yangu na wake za kaka zangu kwamba nimewalea watoto kizungu, nimewafunga kwenye saa, na kwamba Nairobi imenisahaulisha nilikotoka.

Maneno hayo bado yananiuma. Nililelewa katika nyumba ile ile aliyokuwa ameketi. Mama yangu alitufungia mlango kila mchana tulale, jua likipiga mabati, na ole wake atakayechungulia nje. Mji wa Kale mpaka leo maduka mengi hufungwa adhuhuri, watu wakaswali, wakala, wakajinyoosha, mitaa ikanyamaza mpaka jua lipungue. Kulala mchana ni malezi ya Mombasa tangu zamani, nami nimewapa wanangu kile nilichopewa. Sikumjibu hayo siku ile kwa sababu ni mkubwa wangu. Ila watoto hawakuamshwa. Walipoamka walitoka wenyewe, wakamsalimia vizuri, na binti yangu akamketia pajani mpaka Magharibi.

Kwa mengine yote niliwaachia. Binamu zake walimpa binti yangu mabuyu, mdomo na gauni vikawa vyekundu, na sikusema neno. Mdogo nilimzuia kwa sababu ya kokwa, maana mtoto wa umri ule anaweza kukabwa. Walikula kaimati kabla ya chakula cha jioni, walicheza uani miguu mitupu. Msichana wa Kisauni hawezi kwenda kwao na orodha ndefu ya makatazo. Nilikuwa na moja tu, na ndiyo maana niliweza kuishikilia.

Wild Waters nayo ina somo ambalo hakuna anayeliandika: huwezi kulala kwa jamaa, kula chakula chao, kisha asubuhi ukawavalisha wanao wawili nguo za kuogelea huku watoto wa kaka yako wamesimama mlangoni wanatazama. Ukienda, nendeni wote. Mimi na baba watoto tulianza kuweka akiba ya viingilio vya binamu miezi mingi mapema, kando na nauli, na siku ilipofika matatu tuliyokodi ilijaa watoto wanaoimba kutoka Kisauni hadi Nyali. Kama fungu halitoshi, basi acheni bwawa, nendeni nyote Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi. Kuingia ni bure, ngamia wapo, maboya ya kukodi yapo, na maji yakipwa watoto wadogo huchezea vidimbwi vya magotini. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya bei. Binamu wa miaka tisa aliyeachwa nyumbani atakumbuka mpaka aoe.

Tulifika Wild Waters baada ya usingizi, jua limeshalegea. Wakubwa walikimbilia mitelezo mirefu na baba watoto. Mimi, mama na wifi yangu tulibaki na wadogo kwenye bwawa lao la kina kifupi, lenye vitelezo vidogo na maji ya kunyunyiza. Kanuni yetu ilikuwa mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, umbali wa mkono, simu ndani ya begi. Mtoto anayezama hapigi kelele, na waokoaji waliopo wana watu wengi wa kutazama. Binti yangu alipanda kitelezo, akasita juu, akanitazama, akashuka peke yake. Nyanya yake alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika nje ya lango. Mama yangu ameishi Mombasa umri wake wote na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia pale. Aliketi ukingoni na buibui lake, miguu majini, akicheka.

Haller Park tulikwenda asubuhi nyingine, na kwa watoto wa umri huu naiweka juu ya bwawa. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, pakavu kabisa, mpaka mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje juu ya jiwe tupu. Majani yalianguka, majongoo wakaletwa wayale na kuyageuza udongo, na msitu ukaota. Leo kuna twiga wanaolishwa mkononi na kobe wakubwa kuliko mwanangu. Nilimsimulia binti yangu habari za Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kumng'ang'ania kobe mzee aitwaye Mzee kama mamake. Tangu hapo kila kobe anaitwa Mzee nyumbani kwetu. Saa sita tulikuwa kwenye tuktuk, saa saba kitandani.

Wazazi wenzangu, msione haya kuwaambia wakubwa wenu, kwa heshima na mapema, kwamba mtoto amelala. Semeni kabla ya kusafiri, kwa simu, kwa mama au mkwe mwenye sauti katika nyumba hiyo, ili aseme yeye badala yenu. Nanyi mashangazi, ami na wajomba mnaosoma hapa, mnawapenda watoto wetu, tunajua. Wasubirini waamke. Mtawapata wakiwa wachangamfu, watawapandia mapajani wenyewe, na mama yao hataondoka na kidonda moyoni.

Na wewe dada wa Thika, kata tiketi za kurudi kabla ya zile za kwenda. Wiki ya kwanza ya Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, treni ya asubuhi kutoka Miritini hujaa mapema sana, na pacha wako hawataiweza ya usiku. Piga *639#, lipa kwa M-Pesa, kisha ndipo umwambie mkwe tarehe.