Jibu: Je, bwana aliweza kumchapa viboko mfungwa wake?
Habari ndugu. Umeuliza iwapo mkulima wa New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, aliyepewa na serikali mfungwa wa kumtumikia, aliruhusiwa kumchapa viboko mwenyewe, kwa kuwa maelezo uliyoyasoma yanapingana. Kisheria hakuruhusiwa, alipaswa kumpeleka mbele ya hakimu, ambaye ndiye aliyetoa adhabu. Anza kwa kuangalia mwaka wa kesi, kwani sheria iliyopitishwa mwaka 1832, wakati wa Gavana Richard Bourke, ilimzuia hakimu aliyeketi peke yake kuvuka viboko 50.

Kisha chunguza hakimu huyo alikuwa nani. Katika kusoma kwangu habari za kesi hizi, hapo ndipo paliponiumiza zaidi, maana mara nyingi hakimu mwenyewe alikuwa mwenye shamba aliyetumikiwa na wafungwa, na mshtakiwa, ambaye pengine kosa lake lilikuwa uvivu au ufidhuli tu, alisimama mbele yake bila mtetezi. Wengine walipelekwa kujenga barabara wakiwa na minyororo miguuni.

Ikiwa mfungwa unayemchunguza ni mwanamke, tazama kumbukumbu za karakana ya wafungwa wanawake ya Parramatta. Usivuke 1841, mwaka ambao utaratibu wa kuwapa wakulima wafungwa wa kuwatumikia ulikomeshwa katika koloni hilo.