Orlando na watoto wa miaka 5 na 2: usingizi wa mchana ndio uliotupangia safari

Dada, umeuliza kama inafaa kumpeleka mtoto wa miaka 4 na mdogo wake wa miaka 2 Walt Disney World kule Orlando, Florida, na kama siku nne zinatosha kuzimaliza bustani zake zote nne za michezo. Sisi tulikwenda Juni, shule zilipofunga: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 5, mdogo wake aliyebakiza mwezi mmoja kutimiza 3, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tunaishi Columbus, Ohio. Jibu langu ni nendeni, lakini msizimalize. Chagueni bustani mbili, na saa za mchana muwaachie watoto walale.

Sisi tulianza vibaya. Siku ya kwanza, Magic Kingdom, tuliingia asubuhi na tukasema tutakaa mpaka fataki za usiku, maana tiketi tumeilipia. Kufika saa nane mchana joto lilikuwa kama nyuzi 33, na unyevunyevu wa Florida mtu wa Tanga anaujua, unajisikia umevaa shati bichi. Mdogo hakulala. Binti alikuwa anagombana na kila mtu, hata na bibi yake. Fataki zilipoanza, mdogo alikuwa amelala begani kwangu mdomo wazi, na mkubwa anaziba masikio analia turudi. Tulikuwa tumekaa ndani kwa muda wa saa kumi na mbili, na saa nne za mwisho hakuna aliyezifurahia.

Kesho yake tulipumzika kwenye nyumba tuliyopanga, watoto wakaogelea kwenye bwawa. Mama akasema, "Mwanangu, watoto ni walewale wa Columbus. Saa zao za kulala hamkuziacha nyumbani." Tangu hapo tulipanga hivi: tunafika geti kabla halijafunguliwa, tunacheza mpaka saa sita, tunaondoka, watoto wanalala, na jioni tukiona wana nguvu tunarudi kwa tiketi ileile. Saa mbili za mwanzo asubuhi ndizo zenye foleni fupi na jua pole. Kwa mtoto mdogo, hizo saa mbili zina thamani kuliko nusu nzima ya siku iliyobaki.

Kuna jambo moja la njia ulifahamu kabla hujapanga. Ukienda Magic Kingdom na gari lako, huegeshi mlangoni. Unaegesha ng'ambo ya ziwa, kisha unachukua kivuko au treni ya reli moja mpaka getini. Kwenda tu ni nusu saa na zaidi, kwa hiyo anayesema "tutatoka kidogo mtoto alale" aihesabu hiyo. Sisi tulipenda kivuko, kwa sababu unaingia na kigari cha mtoto kikiwa wazi na mtoto kalala ndani. Kwenye mabasi ya hoteli za Disney lazima umtoe na ukikunje. Mdogo wangu usingizi wake mzuri kuliko wote aliupata pale kwenye kivuko, upepo unampiga, bibi yake kamfunika kanga usoni. Na kigari angalieni vipimo: kisizidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na vile vya kukokota kama mkokoteni haviruhusiwi kabisa.

Sasa nije kwenye urefu wa watoto, maana hapa tuliumia.

Wiki tatu kabla ya safari tulikuwa tunamwonyesha binti video za Expedition Everest, ile treni ya mlima wa theluji iliyoko kwenye bustani ya Animal Kingdom. Tukamwambia, "Ile pale, utaipanda na baba." Akawaambia wenzake shuleni. Siku yenyewe akakimbia mpaka kwenye kipimo cha mlangoni, akasimama wima, kidevu juu. Kipimo ni sentimita 112. Kati ya kichwa chake na ule ubao palibaki vidole vitatu. Kijana wa pale alimwinamia akamweleza kwa upole, na alifanya sawa, kipimo kipo kwa usalama wake. Binti hakulia kwa sauti. Aliangalia viatu vyake, machozi yakadondoka juu ya viatu. Ahadi ilikuwa yetu sisi wazazi, na tungeweza kumpima ukutani nyumbani kwa dakika moja.

Mama alimshika mkono. "Njoo mke mwenzangu. Mlima hauhami, utakua utaukuta." Wakaondoka wawili taratibu kwenda upande wa Afrika wa bustani hiyohiyo.

Upande huo, dada, usiukose. Wamejenga kijiji wanachokiita Harambe, kuta zimechubuka kama za mji mkongwe wa mwambao, na mabango ya Kiswahili kila mahali. Mama aliyasoma kwa sauti moja baada ya jingine. Hoteli Burudika. Tamu Tamu. Kusafiri. Alipofika Dawa Bar akasimama, akauliza dawa gani inauzwa baa. Binti yangu anaelewa Kiswahili lakini anajibu Kiingereza, wa kwako labda hivyohivyo. Pale alianza kusoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na kila neno alilolijua anamgeukia bibi yake. Alipouliza mbona Harambe ina e moja, mama akamwambia, "Wamesahau moja, sisi tunaijua." Alisoma mabango mpaka njia nzima ikaisha, na habari za mlima zikakatika.

Kisha tukapanda Kilimanjaro Safaris, lori la wazi linalozunguka kama dakika 20 kati ya twiga, tembo, viboko na simba. Halina kipimo cha urefu, mdogo alikaa mapajani kwangu. Nendeni asubuhi mapema, wanyama wanatembea bado. Mchana wanatafuta kivuli kama sisi.

Kwa watoto wa umri wa wako, Magic Kingdom inawatosha hata siku mbili. Dumbo, ule mchezo wa tembo anayeruka, hauna kipimo. Mashua za it's a small world zinakwenda polepole, ndani kuna ubaridi, na mdogo alizipenda mpaka tukarudia mara tatu. PeopleMover ni kigari cha juu kinachozunguka taratibu, kizuri kwa bibi na kwa mtoto anayesinzia. Treni ya Seven Dwarfs inataka sentimita 97, binti akaipanda, akashuka akitetemeka kwa furaha. Space Mountain ni 112. Ila mchezo kukosa kipimo cha urefu haina maana kwamba haumtishi mtoto. Haunted Mansion kila umri unaingia, na kuna giza na mizimu. Wangu anaogopa giza, sikumpeleka.

Kama wewe na mumeo mnataka kupanda kitu ambacho mdogo hawezi, mwambieni mhudumu wa mlangoni kwamba mna mtoto. Mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila wa pili kupanga foleni upya. Hakuna malipo. Foleni za kulipia, Lightning Lane, sisi tulizinunua siku moja tu. Ukiwa unafika geti linapofunguliwa na unaondoka saa sita, sikuona haja yake kwa watoto wadogo.

Kuhusu gharama, mdogo wako akiwa hajatimiza miaka 3 anaingia bila tiketi. Kuanzia 3 mpaka 9 ni tiketi ya mtoto, na 10 ni mtu mzima. Bei zinabadilika kwa tarehe, na tiketi ya kawaida ni bustani moja kwa siku, inatosha. Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, msibebe tu chupa za kioo wala pombe. Mama aliamka alfajiri akakaanga maandazi, akachemsha mayai. Maji ya barafu kwenye vikombe mnapewa bure kwenye sehemu nyingi za vyakula vya haraka, ombeni tu. Kila bustani ina chumba cha watoto wachanga chenye viti vya kunyonyeshea, meza za kubadilishia pampasi na maikrowevu. Mimi nilipageuza mahali pangu pa kupumulia, ni kimya na kuna ubaridi.

Mvua ya mchana Juni haikosi kwa siku nyingi. Ikianza radi, michezo ya nje inasimamishwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa kitandani saa hizo.

Usalama: sote tulivaa kitenge kimoja, cha manjano, tukaonana kwa mbali. Namba yangu ya simu niliiandika kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto, na mkubwa nilimfundisha akipotea asimame, amtafute mtu mwenye kibao cha jina kifuani. Na viti vya gari vya watoto bebeni vyenu. Sisi tuliagiza gari la uwanja wa ndege tukaahidiwa viti viwili, likaja bila hata kimoja. Sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 na chini akae kwenye kiti chake, na hata kama isingetaka nisingempakata kwenye barabara ile. Tulisubiri zaidi ya saa moja kwenye joto. Mashirika mengi ya ndege ya Marekani yanabeba kiti cha mtoto bila kulipisha.

Mkubwa wako mpime leo ukutani, akiwa na viatu atakavyovaa, kabla hamjamwonyesha video yoyote. Ukiniandikia hapa urefu wake na mwezi mnaokwenda, nitakutajia michezo ya kumwahidi.