Mishipa ya mguu haioteshwi kwa unga

Swali: Baba ana miaka 63, kisukari kwa miaka 14. Akitembea kidogo kigimbi kinambana mpaka asimame, na kidole cha mguu kina kidonda, wiki ya sita sasa. Walipima shinikizo la damu kifundoni, wakaligawanya kwa la mkono, wakapata 1.4, wakasema damu inafika. Kuna mtu anauza unga wa kuotesha mishipa mipya. Tumpe?

Jibu: Msimpe. Na hiyo 1.4 isiwatulize. Kisukari cha muda mrefu hujaza chokaa kwenye kuta za ateri za mguu. Mkanda wa kipimo hushindwa kuzibana na namba hupanda bure. Ombeni shinikizo la kidoleni, ambako chokaa huathiri kipimo mara chache. Likiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakitarajiwi kupona bila kufunguliwa njia ya damu.

Huo unga ndio unaonikera. Misuli ikikosa oksijeni hutoa yenyewe protini ya kuita mishipa mipya. Sukari ikikaa juu miaka mingi, wito huo hutoka hafifu, utando wa ndani ya mishipa huitikia vibaya, na seli za uboho zinazopaswa kusaidia huja chache. Hata kapilari, yaani vimishipa vyembamba kabisa, zikiota, haziwezi kubeba mzigo wa ateri ya paja iliyoziba. Njia ya mchepuko hutokana na ateri ndogo zilizopo kupanuka taratibu, kwa miezi. Tena protini hiyohiyo huzidi kwenye jicho la mgonjwa wa kisukari, ikaotesha mishipa dhaifu inayovuja damu na kupofusha. Madaktari huchoma sindano jichoni ili kuizuia. Muuzaji awaeleze unga wake unatofautishaje mguu na jicho.

Wiki hii mpelekeni kwa daktari wa upasuaji wa mishipa, apimwe kwa dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita, aamuliwe kama atazibuliwa kwa puto au atawekewa mshipa wa kupitishia damu. Kidonda kisikanyagiwe. Mazoezi ya kutembea yangoje kifunge: dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, wiki 12 au zaidi, akipumzika kila maumivu yanapokolea. Sigara, kama anavuta, aache leo.

Wengine wenye miguu ya namna hii, msiiloweke kwenye maji ya moto wala kuikanda kwa mafuta ya moto. Ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mtu kuhisi, na nyama iliyopashwa moto hudai oksijeni ambayo haipo. Kidole kikigeuka cheusi, kikinuka au wekundu ukipanda mguuni, nendeni hospitali siku hiyohiyo.