Kwanza niambie kilichomo

Mmeuliza wiki hii: mwanamke aangalie nini kabla ya kununua krimu au dawa ya nywele? Mimi ni msusi hapa Masasi, na jibu langu ni kwamba aangalie kama anaweza kujua kilichomo. Bei, harufu na sura ya msichana kwenye boksi vije baadaye.

Kinachoniuma zaidi ni mkorogo. Hela za korosho zikiingia, harusi zinaongozana, na vikopo vya plastiki visivyo na lebo vinaanza kuzunguka. Ndani kuna krimu tatu nne alizochanganya mtu nyumbani kwake. Mara nyingi mojawapo ni ya tyubu, ile ya magonjwa ya ngozi yenye klobetasoli, steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Ukiipaka uso mzima miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, na kidonda kinachelewa kupona. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, nayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mashavu na weusi wa kijivu usiotoka. Bibi harusi anakaa kwenye kiti changu, uso mweupe, sugu za vidole nyeusi vilevile, na draya ikiwashwa tu anaomba nizime kwa sababu uso unamchoma.

Zebaki ndiyo mbaya kupita zote, maana haiishii kwa aliyejipaka. Inaumiza figo na neva, na inabaki kwenye taulo, kwenye mto, kwenye kanga anayombebea mtoto. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuiondoa katika vipodozi vyote kufikia 2025, lakini krimu zake bado zinauzwa. Kwenye boksi tafuteni maneno mercury, mercuric au calomel. Na mkiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha, jueni hiyo ni dalili ya zebaki. Kitu kinachoharibu pete, shavuni unakipaka cha nini?

Dawa ya nywele ni kazi yangu, kwa hiyo nitaisema wazi. Nyingine zimetengenezwa kwa kostiki, ileile wanayopikia sabuni kina mama wa vikundi. Kichwa kikiungua, kilichomo kinapenya kwa urahisi zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11 walitoa matokeo yao. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, walikadiria asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 katika mwaka mmoja, ni asilimia 4.05. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, na saratani yenyewe si ya wengi. Ila watafiti walisema jambo linalotuhusu: wanawake weusi ndio wanaozitumia zaidi na kuzianza wakiwa wadogo.

Ndiyo maana simwekei dawa mtoto, hata mama yake akinuna. Mwenye kidonda au aliyejikuna kichwani namrudisha. Anayerudia naweka kwenye nywele zilizoota tu, na navaa glavu, kwa sababu mimi nashika kila siku kile ambacho mteja anakipata mara chache kwa mwaka.

Piko ya harusini nayo muiangalie. Ile ya unga wa kutilia nywele rangi inaweza kuleta malengelenge mkononi. Hina ya majani inatosha.

Sisemi mtu asijipambe. Kusini tuna mafuta ya nazi, Lindi wanakamua ufuta, na ng'ambo ya Ruvuma kina mama wa Kimakua wanapaka usoni musiro, rojo nyeupe ya mti uliosagwa. Mafuta hayatakufanya mweupe, na hayana haja ya kukufanya.

Aliyekwisha kuzoea krimu za steroidi asiache ghafla bila kumwona daktari, maana uso unaweza kuwasha na kuvimba, na hapo wengi hukimbilia kopo jingine. Na makungwi wangu, Desemba hii mkikaa na wanawali unyagoni, pamoja na mengine mnayowafunda waambieni na hili la mkorogo. Shangazi akileta kikopo cha kumng'arisha mwali siku ya kutoka, mwulizeni nani kakichanganya na kwa kitu gani. Asipojua, kisifunguliwe.