Mkono unajua, mdomo unakwama

*Mama Fundi, salamu kutoka Nakuru.*

*Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Kaptembwo. Nina diploma ya umeme na cheti cha NITA cha daraja la pili, lakini tangu nimalize chuo nimekuwa kwenye banda la jua kali, tunasuka upya mota za pampu na za posho mili. Mwezi uliopita niliitwa intavyu ya fundi wa umeme kiwandani. Wakaniuliza sta-delta, ule ufungaji wa kuanzisha mota kubwa kwa hatua mbili, inafanyaje kazi. Mama, kitu hicho nimekifunga kwa mikono yangu zaidi ya mara kumi, lakini mbele ya wale watu watatu mdomo ulikauka, mkono ukatetemeka, nikasema tu "inawasha mota." Hawakunipigia tena. Sasa nimeitwa kwingine, huko kwenu Kisumu, zimebaki siku 12. Je, nisome upya noti zote za chuo? Nikiulizwa nisichokijua nijibu nini? Na hii kazi ya jua kali niitaje, ama wataniona mtu wa kubahatisha?*

*Wa Kaptembwo*

Mwanangu wa Kaptembwo,

Mdomo wako ulikauka. Wangu ulifanya vibaya zaidi: ulikimbia. Ilikuwa 1987, kiwanda kimoja cha huku kwenye miwa. Mhandisi aliniuliza, "Mota inanguruma lakini haizunguki. Utafanya nini?" Nilikuwa msichana peke yangu kwenye foleni ya wanaume, nikataka wajue kwamba najua. Nikamwaga yote: nitapima fezi zote tatu, nitakagua beringi, nitafungua kisanduku cha nyaya nione kama kuna iliyolegea. Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na umeizima saa ngapi?"

Sikuwa nimeizima. Katika jibu langu lote mota ilikuwa bado inanguruma, koili zinaungua, na mimi nimeingiza vidole mahali penye volti 415. Nilirudi nyumbani na matatu ya jioni bila kazi, na sikuwa na wa kumlaumu.

Baadaye nilikaa upande wa pili wa meza kama ile kwa miaka mingi, kwa hiyo nakwambia nilichokuwa nikikitafuta. Usiku wa manane mtambo ukisimama, msimamizi yuko kwake amelala, huyu kijana tukimpa ufunguo wa chumba cha swichi ataanza na nini, atafuatisha nini, na asubuhi tutamkuta mzima? Basi. Na kwa kuwa hatuoni ndani ya kichwa chako, inabidi utufungulie mlango: sema unachofikiri, hatua kwa hatua, kwa sauti, hata kama hatua yenyewe ni "hapa ningesimama kwanza nimuulize opereta alisikia nini kabla mota haijazima."

Noti zote za chuo ziache kabatini. Ukizisoma zote kwa siku 12 utafika Kisumu na kichwa kama gunia la misumari. Chukua tangazo la kazi, upige mstari chini ya kila kifaa kilichotajwa, halafu ukumbuke kazi tatu ulizofanya banda lile kwa mikono yako ambazo zinagusa vifaa hivyo. Kwa kila moja jikumbushe mteja alilalamika nini, wewe ulishuku nini kwanza, ulipima nini, kipimo kilisoma ngapi, na ulikosea wapi. Ulipokosea pasikuponyoke. Fundi asiye na kosa la kusimulia tulikuwa tunamshuku.

Tuje kwa sta-delta yako, maana ukiulizwa mara ya kwanza utaulizwa tena. "Inawasha mota" ni jibu la mtu anayepita njia. Sema hivi, kwa maneno yako: mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, taa za jirani zinafifia, fyuzi zinalia. Kwa hiyo tunaianza kwa sta, ambapo kila koili inapata volti kama 240 badala ya 415, na mkondo unaotoka kwenye laini unashuka hadi theluthi moja. Mota ikishika kasi, taima inaachia kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ya sta na kufunga ya delta, ambapo kila koili inapata 415 nzima. Ukifika hapo umejibu swali. Lakini mwenye paneli mjanja atakusukuma: hasara yake ni nini? Nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi moja. Kwa hiyo mkanda wa kubebea miwa uliosimama ukiwa umejaa unaweza kukataa kabisa kuondoka kwenye sta. Mimi hilo nililijua kwa kuliona, si kwa kulisoma, na wewe mwenye kuhangaika na posho mili zilizokwama na mahindi ndani unalijua pia. Liseme kwa mfano huo huo wa posho mili.

Atakusukuma tena: kontakta ya sta na ya delta zikijifunga pamoja? Fezi tatu zinakutana uso kwa uso, shoti, moshi. Ndiyo maana kuna interloki, kizuizi kinachozikataza zisifunge zote mbili kwa pamoja. Na mwisho, swali nililolipenda mimi kuliko yote, nilikuwa nampa mtu kibati kilichong'olewa ubavuni mwa mota namuuliza kama hii inafaa sta-delta hapa kwetu. Kikiandikwa volti 400 delta na 690 sta, sawa. Kikiandikwa 230 delta na 400 sta, ukiifunga delta kwenye 415 kila koili inapata karibu mara mbili ya haki yake, na kesho inarudi kwenu bandani kusukwa. Wenye diploma nzuri tu walikuwa wanakirudisha kibati mezani bila kukisoma. Wewe unayevisoma vibati kila siku una bahati ambayo huijui.

Sasa mazoezi. Kila jioni karatasi tupu, kalamu, uchore saketi ya nguvu na saketi ya udhibiti bila kutazama popote, huku unaongea. Kuongea ndiko kulikokukwamisha, basi fanya mazoezi ya kuongea. Mkono wako haudai kitu. Mtafute mtu asiyejua umeme, dada yako au jirani anayeuza chapati, umweleze mpaka akuulize swali la maana. Mweleze kwa Kiswahili kwanza, kisha urudie kwa Kiingereza, kwa sababu intavyu nyingi zitaanza kwa Kiingereza. Ukikwama katikati, changanya. Kwenye paneli nilizokaa hatukumkosesha mtu kazi kwa sababu alisema "waya umelegea" kwa lugha ya mama yake wa kambo.

Mkono kutetemeka hakuna dawa ya kukomesha, na usiitafute. Omba karatasi. "Naomba nichore" ni maneno matatu tu… kumbe mawili, lakini yanakupa nusu dakika, kalamu ya kushika, na kitu cha kutazama badala ya nyuso zao. Pumua nje polepole kabla hujajibu. Halafu rudisha swali dogo: "Mota hii ilikuwa inafanya kazi jana, ama ndiyo inafungwa mara ya kwanza?" Hapo umejipatia muda, na pia umefanya kile fundi mzuri hukifanya kweli, kwa sababu majibu ya maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Nisichokijua nijibu nini? Tuliwahi kumuuliza kijana mmoja kuhusu PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo. Akasema, "Nimeiona chuoni tu, sijawahi kuipanga. Lakini mtambo ukisimama ningetazama taa za ingizo nione kama senza inaleta ishara, kabla sijalaumu programu." Tulimchukua. Aliyemtangulia alitaja majina ya aina tano za PLC, na tulipomuuliza taa zile kazi yake ni nini akaanza kusifu kampuni.

Ukipelekwa karakana kwa jaribio, vua saa na pete kabla hujagusa paneli ya umeme. Zima, funga kwa kufuli, weka kibao. Kisha kipimo chako kijaribu kwanza mahali penye umeme, upime pale ulipozima, halafu ukijaribu tena penye umeme ujue hakijafa katikati. Wengi hupima mara moja wakadhani wamemaliza. Sisi tulikuwa tunatazama hapo tu, mengine yote tulikuwa tunajifanya kuandika.

Jua kali itaje, tena mapema. Usiseme "nilikuwa nasaidia saidia." Sema mota za ukubwa gani, ngapi kwa wiki, mlijuaje kwamba koili imeshika bodi, yaani umeme wake umevujia kwenye chuma cha mota. Kama kuna mteja ambaye mota yake inazunguka mpaka leo, omba ruhusa ya kutoa namba yake.

Mshahara watauliza mwishoni. Uwe na kiasi kichwani, ukitaje, unyamaze.

Njoo siku moja kabla. Matatu ya alfajiri kutoka Nakuru inaonekana ni akili mpaka mvua ya Kericho ikukute au lori lilale barabarani, ufike mlangoni unatoka jasho na umechelewa. Tafuta shemeji, tafuta mtu wa kanisani, ulale huku. Na hilo koti zito la baridi ya Nakuru liache. Kisumu utalibeba mkononi siku nzima. Viatu viwe vya ngozi, vilivyofungwa mbele, hata kama kaka yako anasema raba zake nyeupe ndizo zinapendeza.

*Mama Fundi, nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa kwa intavyu ya fundi mitambo, lakini nitume shilingi 3,000 za "medical" kwanza ili jina lisitolewe. Nitume? Wa Kakamega*

Usitume. Nenda kiwandani mwenyewe, au upige kwa namba iliyo kwenye tangazo lao, siyo ile iliyokupigia, uwaulize ofisi ya wafanyakazi kama wanakujua. Na yule mtu akipiga tena, muulize mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) kwenye hezi 50 inazunguka mara ngapi kwa dakika. Akisema 1,500 pungufu kidogo, bado usitume.